Sumaku ya Gitaa la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi ya kuwafundisha watoto wa watu hesabu ambazo hata wazazi wao zinawatoa jasho. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeshaaga. Wifi aliniambia ulifundisha siku tatu kwa kuandika ubaoni tu bila kutamka neno, na kwamba wanafunzi hawajawahi kukupenda kama siku hizo. Nilicheka peke yangu mpaka Profesa akaniuliza kama nimepigwa na umeme.

Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, ila magoti yake sasa ameyapa majina. La kulia ni Mkorofi na la kushoto ni Mvivu, na kila asubuhi tunapewa taarifa nani kati yao kaamka vibaya. Cherehani hajaiacha. Wiki iliyopita alishona sare za kwaya nzima, kisha akalalamika kwamba wanakwaya wa siku hizi wana viuno vinavyobadilika kati ya kupima na kujaribisha. Anasubiri simu yako ya Jumapili kama kawaida. Na baba, kama kawaida, ukipiga tu huchukua kitambaa akaanza kufuta vumbi kwenye redio iliyo kando ya simu. Redio ile inang'aa kuliko sahani zetu. Ukishakata, humuuliza mama kama laini ilikuwa na mikwaruzo, na mama, kwa kuwa anamjua, humsimulia yote uliyosema.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, simu nimeijaribu. Jumatatu nilikupigia nikakuuliza habari za mvua. Jumatano nikakupigia nikakuuliza tena habari za mvua, ukaniuliza kama nimeajiriwa na watu wa hali ya hewa. Nilikuwa na jambo, lakini kila nikifungua mdomo linageuka mvua. Kwa hiyo nimekaa hapa mezani kwangu kazini, mlango nimeurudishia, na nimeamua kwamba kalamu itafanya kile ambacho ulimi umekataa. Nakuomba kitu kimoja tu: usirukie mwisho. Nakujua, hata vitabu huanzia ukurasa wa mwisho. Isome kama unavyowataka wanafunzi wako waonyeshe njia ya hesabu, si jibu peke yake.

Kwanza nikueleze kazi, maana bila hiyo hutaelewa mengine. Bado tuko kwenye kile chumba nyuma ya duka la vioo, mimi na Profesa, ambaye unakumbuka aliitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake, si kwa sababu ya shule. Mwezi uliopita tuliandika ubao mpya mlangoni: TUNATENGENEZA MAGITAA, SPIKA NA PIKAPU. Siku ya tatu akaja bwana mmoja mnene, amelowa jasho, nyuma yake watu wanne wakisukuma gari la mizigo lililozimika barabarani. Alikuwa ameona neno pikapu. Profesa alimwonyesha kwa heshima zote pikapu ya gitaa, ambayo inaenea kwenye kiganja, na yule bwana akaitazama, akalitazama gari lake, akasema kama hii ndiyo pikapu mnayotengeneza basi ninyi ni mafundi wa sisimizi. Tulimtengenezea redio ya gari ili asiondoke mikono mitupu. Sasa akipita hutupigia honi na kuuliza sisimizi wameamkaje.

Hiyo pikapu ndogo, kaka, ndiyo habari yenyewe. Ni kile kidude kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuna koili mbili za waya mwembamba kuliko unywele, zimekaa bega kwa bega, na chini yake, katikati, imelala sumaku bapa yenye urefu wa kidole na unene wa sarafu mbili. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, koili husikia, na kile zilichosikia ndicho kinachokwenda kwenye spika. Waya wote ni mtumishi tu. Sumaku ndiyo yenye tabia. Ukiitoa hiyo ukaweka nyingine, gitaa lile lile lililo pole linaweza kuwa kali, au lililo kali likatulia.

Profesa amenifundisha kuzitambua, na sijivuni nikisema sasa nazitambua kuliko yeye. Zilizo nyeusi kama kipande cha kigae ni za udongo uliochomwa. Umeme haupiti ndani yake, kwa hiyo ukizigusisha ncha mbili za mita ya umeme, mita inakaa kimya. Hizo zina sauti kali. Za rangi ya chuma ni za mchanganyiko wa madini, na hapo mita husema mara moja. Lakini hizo za chuma nazo zina koo nyingi, zinafanana kama mapacha, na haiandikwi popote hii ni ipi. Hapo unatumia kile kimita cha kupimia nguvu ya sumaku, au kama betri imekwisha, unahesabu pini ngapi zinaning'inia. Mwisho kabisa unaleta dira, ili ujue uso upi wa sumaku ni wa kaskazini na upi ni wa kusini. Hilo la mwisho Profesa hulirudia kama sala. Anasema ukibadilisha sumaku ukaweka dhaifu, umekosea kidogo. Ukiweka iliyogeuka, umewagombanisha ndugu wawili. Maana gitaa lina pikapu mbili, moja mbele na moja nyuma, na ukiziwasha kwa pamoja wakati moja imegeuzwa, kila inachokisema hii, ile inakikanusha. Sauti inabaki nyembamba, ya puani, kama mtu mwenye mafua anayeimba ndani ya debe. Lakini ukiwasha moja moja, huoni kosa lolote.

Nadhani hapo umeshaweka barua chini. Naomba uishike tena, usogee nami polepole.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa nimeinamia spika iliyopasuka nikasikia hodi tatu zenye nafasi sawa katikati, hodi za mtu aliyebisha milango ya mji mzima miaka thelathini akisoma mita za maji. Alikuwa baba. Mkononi alikuwa na kile kisanduku cha gitaa, kimefungwa kwa kamba kwa sababu vishikizo vyote vimekatika. Unajua kwamba hajawahi kukanyaga hapa na gitaa lile. Magitaa ya watu wote yamepita mikononi mwangu, lile la nyumbani linakaa juu ya kabati, na mimi sikuwahi kuomba kulitazama. Yeye alidhani ni heshima.

Alikaa kwenye benchi akasema amenisikia nikimsimulia mama habari za sumaku. Akasema pikapu ya mbele imechoka, tena haikuchoka jana. Akaniomba niangalie kama ni uzee au ni ugonjwa, maana uzee anaujua, wanaishi nao nyumba moja. Kisha akatoa gazeti na kunitazama kwa juu ya gazeti.

Nikaanza na pikapu ya nyuma, kaka, ingawa siyo iliyomleta. Nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka muda. Niliilegeza, nikaigeuza, nikafungua skrubu nne za chini, nikaichomoa sumaku kwa kijiti cha mbao, maana chuma huing'ang'ania ukaja ukakata waya. Ilikuwa ya chuma, ya ule ukoo wa sauti ya asali, nguvu zake nzuri kwa umri wake. Kando yake kulikuwa na ufito wa mbao, mwembamba, ambao kiwandani huuweka upande mmoja wa sumaku ili koili zisiegemee hewa. Kila kitu mahali pake. Nikairudisha kama nilivyoikuta.

Ndipo nikaja kwenye ya mbele. Skrubu zake za chini zilikuwa na makovu, kama zilivyo skrubu zilizofunguliwa na bisibisi isiyo saizi yake. Sumaku ilikuwa ya ukoo ule ule, lakini kimita kilionyesha nguvu chini ya nusu ya mwenzake. Sumaku za namna hii haziishiwi nguvu hivyo kwa kulala tu. Hupungua zikikutana na sumaku kubwa kuliko zenyewe. Nikaleta dira. Sindano ikazunguka ikaelekea kule isikopaswa kuelekea. Sumaku ilikuwa imegeuzwa. Na upande ule ambao ulipaswa kuwa na ufito wa mbao, hapakuwa na mbao. Palikuwa na karatasi, imekunjwa mara nyingi mpaka ikawa ngumu kama ufito.

Niliikunjua kwa kibano. Ilikuwa karatasi ya daftari la mistari, imegeuka rangi ya chai. Kwa penseli, kwa mwandiko mkubwa unaopanda kilima, palikuwa na jedwali la sita. Sita mara saba ilikuwa arobaini na nane, na mwalimu alikuwa ameipiga mkasi kwa kalamu nyekundu.

Kaka, mwandiko ule ni wangu.

Sasa nisikilize, na nitaandika haraka kabla sijageuza maneno kuwa mvua. Wewe unaikumbuka siku ile bendi ya baba ilipoalikwa redioni kurekodi nyimbo nne. Unakumbuka alivyopiga pasi shati mwenyewe. Baba alikuwa na sauti yake, ile ya kuwasha pikapu zote mbili, na watu walikuwa wakiitambua kutoka mtaa wa pili. Siku ile redioni alipowasha zote mbili ikatoka ile sauti ya debe. Fundi mitambo akatikisa kichwa, muda wa studio ulikuwa mfupi, kiongozi wa bendi akaamua zile nyimbo zipigwe na mwenzake. Zikachezwa miaka na miaka, na kila zilipoanza baba alitoka nje kwenda kutazama kama geti limefungwa.

Alirudi nyumbani jioni ile na wenzake watatu, akakuita sebuleni. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Alikuuliza nani amelifungua gitaa. Ulikiri kwamba ulikuwa ukilipiga wakati yeye yuko kazini, ukasema umelipiga mara nyingi, lakini hujalifungua. Alikuuliza tena. Ukasema tena. Mbele ya wale watu watatu akasema mtoto anayekiri dogo ili kuficha kubwa ni mwongo aliyekomaa, akakuambia njia ya mwongo ni fupi, na kwamba mikono yako isiguse tena uzi wa gitaa chini ya paa lake. Hukuugusa. Wala chini ya paa jingine lolote. Muhula uliofuata ukaenda kusoma bweni, na tangu siku hizo unakuja nyumbani kama mgeni anayeacha viatu karibu na mlango.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nyuma ya pazia.

Siku mbili kabla ya redio, mama alikuwa amekwenda kununua uzi, wewe uko mpirani, baba kazini. Wewe ndiye ulikuwa umeniambia kwamba ndani ya gitaa kuna sumaku inayosikia. Nilitaka kuona masikio yake. Nilichukua bisibisi ya cherehani ya mama, nikafungua kila kilichokubali kufunguka, nikaipata. Nikaenda nayo uani pamoja na ufito wake, nikaijaribu kwenye misumari, kisha kwenye ile spika kubwa mbovu iliyokuwa imekaa kando ya mfereji. Ikaniponyoka mkononi ikaruka kujibandika kwenye sumaku ya spika, na kuibandua ilinilazimu kuweka mguu. Katika purukushani ile ufito wa mbao ukaangukia mferejini ukaenda zake. Nikasikia geti. Nilichana ukurasa wa daftari, nikakunja, nikapachika, nikaingiza sumaku, nikafunga skrubu. Aliyefungua geti ulikuwa wewe. Ulinikuta nimekaa na daftari, ukaniuliza nimefika jedwali la ngapi.

Unajua nilichojiambia miaka yote hii? Nilijiambia nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nilijiambia ufito ni ufito, wa mbao au wa karatasi, na kwamba kama gitaa liliharibika basi liliharibika lenyewe, au ulikuwa umeligusa kweli. Ndiyo, kaka, mpaka hilo nililisema moyoni mwangu: labda na yeye aligusa. Nilipoanza kazi hii na kujifunza habari za dira, ile sala ya Profesa ilinichoma siku ya kwanza kabisa, na bado sikupanda kwenye kabati kutazama. Mtu anayeogopa jibu haulizi swali.

Na kuna hili moja, ambalo ni zito kwangu kuliko sumaku. Jioni ile ya sebuleni, baada ya wageni kuondoka, nililia mpaka nikapata kwikwi. Ulikuja ukakaa karibu nami kwenye ngazi ya jikoni. Ulidhani nakulilia wewe. Ulinipa mkate wako, ule wenye siagi upande wa ukoko ninaoupenda, ukaniambia nisilie, haiumi. Niliupokea nikaula. Miaka thelathini na moja, kaka, nimekula vyakula vingi na kuvisahau. Ladha ya mkate ule naijua mpaka leo.

Sikujua nifanye nini na ile karatasi Alhamisi ile. Ingekuwa rahisi sana. Profesa alikuwa amekwenda kununua lehemu, baba alikuwa ameinamia gazeti. Ningeweka ufito mpya, nikageuza sumaku, nikamwambia baba ni uzee. Nilikuwa nimeshaikunja tena ile karatasi ndani ya ngumi. Kisha nikamtazama, kaka. Alikuwa ameshika gazeti juu chini. Alikuwa haogopi uzee wa gitaa. Alikuwa amekuja kuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kitu ambacho na yeye aliogopa jibu lake.

Nikamwekea karatasi mapajani. Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtu anayesoma risala.

Alivaa miwani. Akasoma jedwali lote, tangu sita mara moja. Alipofika sita mara saba nikaona kidole kimesimama. Aliniuliza nilikuwa na miaka mingapi, nikamwambia tisa. Upande wa pili mkata vioo akapasua kioo kizima, sote wawili tusishtuke. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Kwa hiyo mtoto alisema kweli. Mara mbili."

Nikaanza kuomba radhi, akainua mkono. Akasema mtoto wa miaka tisa hana kesi. Mwenye kesi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitano aliyeambiwa ukweli mara mbili na hakuwa na shaka hata kidogo. Akasema na baadaye shaka ilikuja, ilikuja mapema, mwaka ule ule ulipokwenda bweni, na kila ilipokuja aliitoa nje kama mtu anavyofukuza kuku. Alichoogopa si kwamba ulikuwa umesema uongo. Aliogopa kwamba hukusema. Wewe sasa una umri ule ule aliokuwa nao yeye siku ile, kaka. Sikuandikii hilo ili kumtetea. Nimeliona tu wakati nahesabu miaka.

Nilimaliza kazi, kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi. Nilichagua sumaku nyingine ya ukoo ule ule yenye nguvu kamili, nikaipima kwa dira mara tatu, nikachonga ufito wa mbao, nikafunga, nikakaza nyuzi. Nikampa. Akaweka swichi katikati, akapiga. Ilitoka, kaka. Ile sauti. Profesa aliyekuwa anaingia mlangoni na lehemu yake alisimama mguu mmoja ndani mmoja nje. Baba alipiga kipande kifupi tu, akalaza kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha. Akasema si yeye aliyestahili kuisikia sauti hii kwanza. Akanirudishia gitaa, akaenda nyumbani kwa miguu.

Jioni hakula. Asubuhi mama alimkuta anapiga rangi viatu, akamuuliza msiba wa nani. Akamjibu hakuna msiba, anasafiri, anakuja kwako. Mama akasema si bora wewe uitwe nyumbani, ndiwe mwana. Baba akasema hapana, mwenye kosa ndiye anayefunga safari. Nilipendekeza basi tukuletee gitaa, akanikatalia kwa ukali ambao sijauona siku nyingi. Akasema akija na gitaa itaonekana amekuja na hongo. Anakuja na maneno yake tu, na kama ukiyakataa, ataondoka nayo.

Kwa hiyo tutafika Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kwa basi la asubuhi, mimi na yeye. Mama anabaki, amesema hii ni hesabu ya watu watatu, yeye atakuja kwenye jibu. Mwambie wifi asipike kabla hatujaonana, tafadhali, asichukulie vibaya. Baba hataki kuongea nawe akiwa ameshaonja chakula chako.

Mimi sina ombi la kwangu. Ukitaka kunifokea, nifokee mpaka umalize. Ukitaka tuketi bila kusema, nitaketi. Nilikuachia ubebe mzigo wangu tangu ukiwa mtoto, na ukanigawia na mkate juu yake, na sijui kuna neno gani linalolipa kitu kama hicho. Nisamehe. Siombi uniandikie kwamba umenisamehe. Nakuambia tu kwamba nimeomba. Lakini mlango, mfungulie yeye kwanza.

Nakusalimia sana wifi yangu, na watoto wote wawili, yule mkubwa anayebishana na yule mdogo anayeshinda. Waambie shangazi yao anakuja na hatakuwa na mikono mitupu. Profesa anakusalimu. Mama anasema vaa fulana ndani ya shati, kikohozi kina ndugu.

Na jambo la mwisho, ambalo baba hajui kwamba nakuandikia. Kila asubuhi wiki hii anajifungia bafuni kufanya mazoezi ya atakayokuambia. Masikio yake siku hizi yamepungua sana, na mwenyewe anadhani ananong'ona. "Mwanangu," anasema, "ulisema kweli. Mimi ndiye sikusikia." Anakohoa, anaanza upya. Jana jirani wa kushoto alimuuliza mama kwa upole kijana alisema kweli gani. Leo muuza magazeti naye kauliza. Mtaa mzima huku, kaka, umeshajua kwamba ulisema kweli. Umebaki wewe tu kuambiwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mchokonozi